Vitabu vilibaki vipya

Kitabu cha kwanza nilichoonyeshwa kilikuwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, juu kabisa ya kabati. Mama mwenye nyumba alipanda kwenye kiti akakishusha, akakipangusa ingawa hakikuwa na vumbi, kisha akanikabidhi kwa mikono miwili. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana kama kitabu kilichotoka kiwandani jana.

"Tumekitunza, dada," akaniambia. "Hakijapata hata doa."

Nilikuwa nimekwenda kufanya tathmini ya programu ya kusoma nyumbani, ambayo andiko lake la kuomba fedha niliandika mwenyewe. Wazo lake nililiamini na hadi leo naliamini: mtoto anayesomewa nyumbani angali mdogo huingia shuleni akiwa na mtaji mkubwa. Tuliwaita wazazi kwenye warsha, tukagawa vitabu vya hadithi, tukapata wahamasishaji wa kujitolea wa kuzitembelea familia. Kila tulichoahidi tulikifanya. Warsha zilifikia idadi iliyopangwa, vitabu viligawiwa vyote, na orodha za mahudhurio zilijaza mafaili manne. Lakini watoto tuliowapima mwanzoni na kuwapima tena baada ya mwaka hawakuwa wamewapita wenzao ambao hawakuwemo kwenye programu kwa kiasi cha kutajika.

Siku ile niliingia nyumba tisa, na katika sita vitabu vilikuwa vipya. Nyumba ya saba baba alinitolea kitabu pamoja na karatasi aliyotia saini siku ya kukabidhiwa. Niliitambua mara moja, kwa sababu niliichapa mimi. Kifungu cha tatu kilisema kwamba mzazi atakayepoteza au kuharibu kitabu atalipa gharama yake. Nilikiweka kifungu kile nikitaka vitabu vidumu, viwafikie na watoto wa mwaka unaofuata. Baba yule alikuwa na watoto watatu, na mkubwa wao hakuwa amefika miaka saba. Alikisoma kifungu, akawatazama wanawe, akakipeleka kitabu pasipofikika. Mtu yeyote mwangalifu angefanya hivyo.

Jioni nilifungua mchoro wa programu, modeli yetu ya mantiki. Palikuwa na kisanduku kilichoandikwa "vitabu vimegawiwa" na kingine "wazazi wanawasomea watoto nyumbani". Katikati yao palikuwa na mshale mfupi kuliko ukucha wangu. Sikuwa nimeuchora kwa mkono. Kompyuta iliuweka yenyewe nilipovuta kisanduku kimoja kwenda kwenye kingine, na sikumbuki kama niliutazama hata mara moja.

Kwa asiyeijua, modeli ya mantiki ni mchoro wa namna programu inavyotarajiwa kuleta mabadiliko. Kushoto zinakaa rasilimali: watu, fedha, muda, vifaa. Zinafuata shughuli, kisha mazao, yaani vile vinavyohesabika vinavyotoka moja kwa moja kwenye shughuli: warsha zilizofanyika, watu waliohudhuria, vitabu vilivyotolewa. Baada ya hapo yanakuja matokeo, ya karibu kwanza na ya mbali baadaye, na mwisho kabisa athari ya muda mrefu. Jina lenyewe lilienea kutokana na kazi za Joseph Wholey, mtaalamu wa tathmini wa Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, na miongozo kama ule wa W.K. Kellogg Foundation, taasisi ya ufadhili ya Marekani, wa mwaka 1998 ikaifikisha kwenye meza za mashirika madogo kama letu.

Penye mazao na matokeo ndipo watu wengi wanapojikwaa, na nilijikwaa hapo miaka mingi. Siku hizi nikiletewa modeli niikague, naanza na vitenzi. Kwenye shughuli na mazao mtenda ni sisi: tumefundisha, tumegawa, tumetembelea. Kwenye matokeo mtenda lazima awe mtu mwingine: mzazi anasoma, mtoto anauliza, mwalimu anabadilisha namna ya kufundisha. Nikikuta "wazazi wamefundishwa" au "jamii imeelimishwa" kwenye safu ya matokeo, ile kauli ya kutendwa inaniambia kwamba mwandishi bado anajieleza yeye. Nawaomba watu waandike sentensi upya, mzazi awe ndiye anayetenda. Mara nyingi wanashindwa kwa dakika kadhaa, na dakika hizo ndizo zenye faida, kwa sababu hapo ndipo wanapojiuliza kwa mara ya kwanza mtu huyu atafanya nini tofauti kesho asubuhi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimezoea bango kitita, lile jedwali la mistari minne na safu nne ambalo asili yake ni kazi ambayo mshauri Leon Rosenberg aliifanyia USAID mwaka 1969, na ambalo wafadhili wengi bado wanalidai. Safu yake ya nne ni ya mambo ambayo lazima yawe kweli ili mstari wa chini uzae mstari wa juu. Kwangu hiyo ndiyo safu yenye uzito kuliko zote, na ndiyo niliyokuwa naijaza mwisho, usiku, andiko likisubiriwa asubuhi. Niliandika "hali ya usalama itaendelea kuwa shwari" na "serikali itaendelea kutoa ushirikiano". Nilirudia maneno hayo kwenye maandiko matano au sita, ya miradi isiyofanana hata kidogo. Hayakuwa uongo, ila hayakugusa saa ambayo wazazi hurudi nyumbani, wala nani kati yao anajua kusoma, wala kile ambacho karatasi yenye kifungu cha tatu ingewafanyia.

Kikao cha kupokea ripoti kilikuwa kigumu. Mmoja wa viongozi wetu alisema kwa uchungu, na sikumlaumu, kwamba kusoma nyumbani kumeshindikana na fedha zilizobaki zipelekwe kwenye masomo ya ziada. Niliomba dakika kumi. Nilibandika mchoro ubaoni, nikachukua kalamu nyekundu na kupita kisanduku kimoja kimoja nikiuliza: hili tuna ushahidi kwamba lilitokea? Rasilimali, ndiyo. Warsha, ndiyo. Vitabu kufika nyumbani, ndiyo. Wazazi kuwasomea watoto? Hapo kalamu ilisimama. Mnyororo ulikatikia palepale, na kila kilichokuwa kulia kwake kilikuwa hakijapewa nafasi ya kutokea.

Edward Suchman, mwanasosholojia wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1967. Programu inaweza kushindwa kwa njia mbili: ama imeshindwa kukianzisha kile inachodai kitaleta mabadiliko, ama imekianzisha vizuri lakini mabadiliko hayakufuata. Kwa mtu anayesoma takwimu za mwisho tu, njia hizo mbili zinafanana kabisa. Uamuzi unaofuata kila moja, hata hivyo, ni tofauti kama mchana na usiku. Ya kwanza inakutaka urekebishe utekelezaji, ya pili inakutaka uachane na wazo. Sisi tulikuwa karibu kulizika wazo ambalo hatukuwa tumelijaribu, sawa na kuitangaza dawa kuwa haiponyi ilhali bado imo chupani.

Tulipewa mwaka mmoja zaidi, kwa nusu ya fedha.

Safari hii sikuchora peke yangu. Tulikaa watu kumi na mmoja: wahamasishaji watano, wazazi na walezi wanne, mwalimu wa darasa la kwanza, na mimi. Gundi ya karatasi haikushika ukutani, basi tukapanga kadi sakafuni na kila mtu akainama. Tulianzia kulia, kwenye mtoto anayesoma na kuelewa anachosoma, tukarudi nyuma hatua kwa hatua tukiuliza ni nini kinapaswa kuwa kinatokea kabla tu ya hapo. Richard Elmore, mtaalamu wa sera za elimu wa Marekani, aliupa mtindo huu wa kuanzia mwisho jina la kuchora ramani kinyumenyume, alipokuwa akiandika kuhusu utekelezaji wa sera mwishoni mwa miaka ya 1970. Ukianzia kushoto unauliza "tukiwa na vitabu tutafanya nini?" na jibu daima lipo. Ukianzia kulia, vitabu vyenyewe vinalazimika kueleza kwa nini vipo.

Kisha tukaisoma mishale kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kwa "ikiwa" na "basi". Hilo nililing'ang'ania na bado nalifanya kila mara, maana sentensi inayopita machoni bila shida mara nyingi hukwama mdomoni. Mhamasishaji mmoja akasoma: "Ikiwa mzazi ana kitabu nyumbani, basi atamsomea mtoto."

Kimya. Bibi mmoja anayelea wajukuu wawili aliishika ile kadi, akaigeuza upande wa pili kama anayetafuta maandishi mengine, akairudisha chini.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi sijui kusoma. Na siko peke yangu. Kwenye ile warsha yenu tulikuwa tunaitikia kwa kichwa kwa sababu wenzetu walikuwa wanaitikia."

Nilikuwepo kwenye warsha ile. Nilimwona akiitikia, na nikaandika kwenye ripoti kwamba washiriki walionyesha uelewa mzuri.

Nikamuuliza, "Bibi, na kama kitabu kina picha, mjukuu akakuuliza hiki ni nini?"

"Nitamwambia. Tena nitamwambia na ambacho hakikuchorwa."

Kutokana na jibu lile tuliing'oa kadi ya "wazazi wanawasomea watoto" na kuweka "mlezi na mtoto wanazungumza juu ya kitabu". Sikubadilisha kwa sababu tu jibu lilinigusa. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti ambamo wazazi walifundishwa kumuuliza mtoto maswali ya wazi wakitazama naye vitabu vya picha na kumwacha aeleze zaidi, na lugha ya watoto hao iliwapita wale ambao wazazi wao waliendelea kusoma kwa mazoea yao. Wazazi wale walijua kusoma, kwa hiyo utafiti huo haukutosha kuthibitisha kwamba bibi yule angefanikiwa. Ulitosha kuonyesha kwamba mazungumzo yenyewe yana kazi, na kwamba mshale wetu mpya haukuwa ndoto.

Mambo mengine yaliibuka haraka haraka baada ya hapo, kana kwamba bibi alikuwa amefungua mlango. Mzazi mmoja alisema anarudi nyumbani watoto wakiwa wamelala, siku sita kati ya saba. Mwingine alisema mtoto wake anamwogopa mhamasishaji, anadhani ni mtu wa chanjo. Mwalimu alisema vitabu vyetu vina maneno mengi mno kwa ukurasa. Kifungu cha tatu kilifutwa, na kwenye safu ya rasilimali tukaongeza kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye bajeti nyingine: vitabu vya kufidia vitakavyochanika.

Kuhusu viashiria, yaani dalili za kuonyesha kama jambo linatokea, tuliachana na ile desturi ya kusubiri mwisho wa mwaka. Kwa kila mshale tuliuliza: kama huu ni wa kweli, ni kitu gani tutakiona mapema kabisa, na tutakionea wapi? Mwalimu ndiye aliyesema kitabu kinachotumika hukunjika kona. Basi wahamasishaji wakawa wanatazama kona, alama za vidole, ukurasa uliochorwa kwa penseli. Halafu wanamwomba mtoto awasimulie hadithi ya kitabu kile kwa maneno yake. Kazi nzima haikuzidi dakika tano kwa nyumba. Mwezi wa nne tulishajua nyumba zipi mazungumzo yameanza na zipi bado, na tulikuwa na miezi minane ya kufanya kitu. Mwaka uliotangulia tulijua kila kitu siku ambayo hakikuwa na msaada tena.

Lakini hata hapo tulikosea tena, na kosa hili nalitaja kwa sababu naliona kila ninapokwenda. Tulikuwa tunahesabu pia vitabu vilivyobadilishwa, familia ikirudisha kimoja na kuchukua kingine. Mratibu wetu, kwa nia njema ya kutia moyo, akaanza kusoma hadharani orodha ya wahamasishaji kwa wingi wa vitabu walivyobadilisha. Ndani ya miezi miwili idadi ilipanda sana, na kona za vitabu zikawa zinarudi zimenyooka. Mhamasishaji mmoja, mtu mwaminifu kabisa, alikuja mwenyewe kuniambia kwamba anabadilisha vitabu mlangoni bila kuingia ndani, ili asiwe wa mwisho kwenye orodha. Donald Campbell, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika katika miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo cha namba kinavyotumika kufanyia maamuzi, ndivyo kinavyozidi kuvutwa na kupotoshwa, na ndivyo kinavyozidi kuiharibu kazi kilichowekwa kuipima. Tuliacha kusoma orodha. Hesabu tuliendelea nayo kwa ajili ya kuagiza vitabu tu, na hali ilitulia.

Yapo pia ambayo mchoro hauwezi kukuonyesha hata ukiuchora na watu mia, kwa sababu mchoro ni wa yale mliyoyakusudia. Michael Scriven, mwanafalsafa na mtaalamu wa tathmini, alipendekeza mwaka 1972 kwamba mtathmini aende kutazama bila kuambiwa malengo ya programu, aone mwenyewe kilichobadilika. Tulijaribu kidogo. Tulimwomba mwenzetu wa programu nyingine aongee na familia kumi bila kuuona mchoro. Alirudi akiwazungumzia madada. Katika nyumba kadhaa aliyekaa na kitabu na mdogo wake hakuwa mzazi wala bibi. Alikuwa dada mkubwa wa miaka kumi na moja, kumi na mbili. Kwa wengine ilikuwa furaha tupu. Katika nyumba mbili ilikuwa kazi iliyoongezwa juu ya kazi nyingine zote za msichana yule, na daftari zake mwenyewe za shule zilikuwa hazijaguswa. Wahamasishaji wetu waliingia nyumba hizo mara nyingi na hawakuona, kwa kuwa fomu iliuliza kama mazungumzo juu ya kitabu yanafanyika, na kweli yalikuwa yanafanyika. Tangu hapo fomu inauliza ni nani, saa ngapi, na baada ya kazi gani.

Mwisho wa mwaka wa pili watoto walifanya vizuri zaidi. Nilitamani sana kuandika kwamba ni sisi. Lakini katikati ya mwaka huohuo shule ilipata mwalimu mpya wa darasa la kwanza, mahiri, na mchoro wetu ulikuwa na nafasi pembeni ya mambo ya nje yanayoweza kuleta mabadiliko yaleyale, kwa hiyo ilibidi nimwandike. John Mayne, aliyefanya kazi katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali ya Kanada, alishauri kwamba pale usipoweza kuthibitisha kuwa ni wewe peke yako, ujenge hoja ya mchango wako hatua kwa hatua: onyesha kwamba kila mshale ulitokea kweli, kisha upime maelezo mengine kwa haki. Nilifanya hivyo. Ndani ya darasa lilelile, chini ya mwalimu yuleyule, watoto ambao mazungumzo ya kitabu yalikuwa yanafanyika nyumbani kila wiki waliwapita wale ambao nyumbani kwao hayakuanza. Niliongeza kwamba huenda familia hizo zilikuwa na utulivu zaidi tangu mwanzo. Mfadhili alisoma sentensi hiyo ya mwisho na kuuliza kama ni lazima ibaki. Nilijibu ndiyo, na ilibaki.

Mchoro wetu wa sasa ni wa saba, na tarehe imeandikwa kwenye kona kwa kalamu ili mtu asichukue wa zamani kwa bahati mbaya. Mishale iliyo na ushahidi wetu wenyewe imechorwa kwa mstari mzima. Ile tunayoiegemeza kwenye tafiti za wengine ni ya nukta nukta. Mmoja umebaki na alama ya kuuliza, ule unaotoka kwa mtoto anayesimulia hadithi vizuri kwenda kwa mtoto anayesoma maneno mwenyewe. Mwalimu wa darasa la kwanza anasema wako watoto wanaosimulia kitabu kizima kwa ufasaha wakitazama picha, lakini ukiifunika picha kwa kiganja, hawatambui hata herufi. Muhula ujao tutakaa na watoto ishirini wa namna hiyo, mmoja mmoja, na kiganja juu ya picha.